Mbachao Wangu na Misala ya Kariakoo

Kila aliyeiona kompyuta yangu mwaka jana alinipa ushauri mmoja: tupa hiyo, nunua mpya. Mpwa wangu aliusema huku akicheka feni inavyovuma. Mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni aliusema kwa adabu zaidi: "Dada mhasibu, si hela sasa unaingiza? Jinunulie mashine." Hata jirani yangu, ambaye simu yake imefungwa kwa mpira ili betri isianguke, alikuwa na maoni.

Na kweli mashine ilikuwa hoi. Ni kompyuta mpakato ya ThinkPad T470, toleo la mwaka 2017, nami niliinunua ikiwa mtumba tayari. Asubuhi ukiiwasha unapata muda wa kuchemsha chai na kuimaliza. Ukichomoa chaja, unabakiwa na dakika za kuhifadhi kazi, si za kufanya kazi. Ukifungua Excel ya mteja mwenye risiti nyingi za EFD, zile za mashine za kodi, kisha tovuti ya TRA, mamlaka ya kodi, pembeni na WhatsApp nyuma yake, kila kitu kinaganda na mshale unabaki kuzunguka. Ritani ya VAT inatakiwa iwe imefika kufikia tarehe 20 ya kila mwezi. Mashine ikiganda tarehe 19 usiku, hakuna anayecheka.

Sasa, nilipowauliza hao washauri wangu hiyo mpya niinunue wapi, wote walinijibu Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam. Nikaenda.

Asiyewahi kununua kompyuta Kariakoo nimweleze kidogo. Kwenye maduka ya simu na kompyuta yaliyobanana kuanzia mtaa wa Msimbazi kuelekea mtaa wa Aggrey, mashine zinazonunulika na mtu wa kipato changu si mpya. Ni za maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba. Kampuni kubwa huko hukodisha au hununua kompyuta kwa mamia, huzitumia miaka mitatu, minne, kisha huziondoa zote kwa mpigo. Wafanyabiashara wanazinunua kwa jumla, nyingi zinapitia Dubai, zinapangwa kwa madaraja kulingana na mikwaruzo, zinafutwa vumbi na kuvikwa nailoni. Ukizigeuza chini utakuta alama ya gundi palipobandukwa namba ya mali ya ofisi. Nyingine zina kibodi ya Kijerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi, na juu yake pamebandikwa stika za herufi ambazo zitaanza kung'oka ukishazoea kuandika bila kuangalia.

Sizidharau hata kidogo. Hizo ndizo kompyuta zilizotufunza wengi wetu kazi, na yangu imetoka hukohuko. Lakini shangazi yangu ana methali yake anayoitumia kwa wanaume na kwa samani, usiache mbachao kwa msala upitao, yaani usitupe mkeka wako mkuukuu kwa mkeka mzuri unaopita tu, na siku ile nikiwa nimesimama mbele ya kabati la kioo nikaona inavyoingia hapa. Msala unaopita Kariakoo nao ni mbachao wa mtu, umefuliwa tu. Kwa hiyo nilichokuwa nachagua hakikuwa kati ya kuukuu na mpya. Nilikuwa nachagua kati ya kuukuu ninayoijua, iliyokaa mezani kwangu, ambayo najua imemwagikiwa nini na haijamwagikiwa nini, na kuukuu nisiyoijua.

Muuzaji mmoja alinisisitizia mashine nyembamba, kioo cha kugusa, "i7 hiyo dada, siyo i5 kama yako." Nikamwomba niione namba kamili ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta: i7-7500U. Hapa ndipo watu wengi wanapoachia hela zao. i5 na i7 ni madaraja tu ya prosesa za Intel, na kwa prosesa za umri huu ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. 7500U ni kizazi cha saba, na ndani yake mna kori mbili tu, yaani vitengo viwili vya kufanya kazi, sawasawa na i5-7200U iliyomo kwenye kuukuu langu. Kizazi cha nane cha mashine za aina hii, kilichotoka mwaka huohuo wa 2017, ndicho kilichoruka: i5-8250U ina kori nne. Maana yake i5 ya kizazi cha nane inaipita kwa mbali i7 ya kizazi cha saba, na kwenye kabati lile zilikuwa zimepangwa kinyume, i7 juu kwa bei ya juu, i5 chini. Ningeinunua ile nyembamba ningelipa laki kadhaa kuondoka nilipokuwa na kufika palepale.

Niliondoka bila kununua, nikapanda ngazi kwenda kwa fundi.

Fundi wangu yuko ghorofani, kachumba ambako watu wawili hawapishani. Namwamini kwa sababu moja inayoonekana: kabla ya kugusa bisibisi aliingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayotangulia kabla Windows haijawaka, na kuizima betri ya ndani. T470 ina betri mbili, moja nyuma inayochomoka na nyingine iliyofichwa ndani, na ukifungua mfuniko huku ile ya ndani inaendelea kupeleka umeme, bisibisi ikiteleza unaweza kuunguza bodi. Fundi asiyejua hatua hiyo anaweza kuwa hodari wa simu, lakini mashine yangu asiiguse. Jambo la pili, hakuniomba nywila. Alichomeka flashi yake yenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, akawasha kutokea hapo, akapima anavyotaka. Mimi kwenye diski nina TIN za watu, zile namba zao za mlipakodi, taarifa zao za benki, mishahara ya wafanyakazi wao. Hata hivyo nilikuwa nimeshahamisha nakala ya kila kitu nyumbani. Mtu anayekuambia hawezi kupima bodi mpaka umpe nywila, kunja mashine yako, mshukuru, shuka ngazi.

"Dada, bodi nzima hii," akasema baada ya kama nusu saa. "Wewe ugonjwa wako uko kwenye vitu vya kuvaa."

Vitu vya kuvaa. Sijasikia mtu akilipanga suala hili vizuri kuliko hivyo. Betri, diski, feni, kibodi, chaja: hivyo vinaisha, vimetengenezwa viishe, na kuisha kwake hakusemi chochote juu ya afya ya kompyuta. Bodi ndiyo kompyuta yenyewe. Watu huchanganya haya mawili kwa sababu dalili zinafanana machoni. Mashine yenye diski inayokufa na mashine yenye prosesa dhaifu zote mbili "ni nzito", ila ya kwanza unaitibu kwa elfu kadhaa na ya pili haina dawa.

Ya betri ningeweza kuigundua mwenyewe, na mtu yeyote mwenye Windows anaweza. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, itakuandikia ukurasa wenye namba mbili za kulinganisha: uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo inaoujaza leo. Yangu ya nyuma ilikuwa imebaki na chini ya robo. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kutumika, na huchakaa haraka zaidi zikikaa zimejaa huku zina joto, na hayo ndiyo maisha ya kompyuta ya Dar iliyochomekwa kutwa juu ya meza isiyo na feni. Ya ndani haikuwa nzuri lakini haikuvimba. Kuvimba ndiko kwa kuogopa. Ukiona kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole kimeinuka, au mashine haitulii tena mezani, izime na usiibonyeze kurudi ndani, kwa sababu hiyo ni gesi, na betri iliyotobolewa inawaka.

Diski ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka, ya GB 500. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, na badala ya buluu ikaonyesha njano. Njano maana yake diski imeanza kupoteza vipande na inavihamisha pembeni kimyakimya. Ingeendelea kufanya kazi kwa muda, halafu siku moja isingewaka. Hapa sikuhitaji kufikiria. Hata kama ningeamua kununua mashine nyingine kesho yake, diski ile isingeendelea kubeba vitabu vya wateja wangu.

Feni haikuwa mbovu, ilikuwa imezibwa. Vumbi la Tabata limejishonea kama blanketi kwenye mapezi ya kupoozea, na ile pesti kati ya prosesa na bomba la shaba ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo sehemu ya uzito niliokuwa naulalamikia ilikuwa vumbi. Kusafisha na kupaka pesti upya: elfu kumi na tano. Sijawahi kulipa fedha ndogo kiasi hicho kwa tofauti kubwa kiasi hicho.

Mpaka hapo unaweza kusema kesi imeisha, tengeneza. Haikuwa imeisha, kwa sababu kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao fundi hawezi kuutibu.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ukiacha prosesa chache sana inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya saba. Mashine nzima, bodi nzima, kioo hakina mkwaruzo, imefungiwa mlango kwa tofauti ya kizazi kimoja. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, kwa hesabu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa inavyostahili. Kisha kompyuta zinazofanya kazi zinatangazwa kuwa wazee kwa waraka.

Zipo njia za kuzunguka. Unaweza kuilazimisha Windows 11 ikae. Itakaa, wengi wamefanya, ila Microsoft haikuahidi kuiletea masasisho mashine ya namna hiyo. Unaweza kuhamia Linux, na kwa mwanafunzi, mwandishi au mtu wa barua pepe na YouTube ningemwambia ahamie leo bila kusitasita. Kwangu kikwazo ni Excel. Faili za wateja zina macro, amri za kujiendesha zenyewe, walizoandikiwa na watu wasiojulikana walipo, na LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, inazifungua lakini si zote zinazotembea. Njia ya tatu ni ile niliyoifuata: Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watu binafsi wa Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na kama unakubali kuingia kwa akaunti yao na kusawazisha mipangilio yako, hulipi. Nimejiandikisha. Njia ya nne, ile ya kijana anayekuwekea Windows yoyote kwa elfu tano pamoja na kile kiprogramu cha kuifungua leseni, siijadili. Unaingia benki kwa mashine hiyo.

Kwa hiyo kompyuta yangu ina tarehe ya kufa inayojulikana, angalau kwa kazi ninayoifanya. Hilo likabadilisha swali. Nikaacha kuuliza niitengeneze au niibadilishe, nikaanza kuuliza ni vipuri gani nikivinunua leo vitahama nami kwenda kwenye mashine ijayo.

Hapa aina ya kompyuta ndiyo inayoamua kila kitu. Mrithi wa T470 ni T480, ya 2018, yenye kizazi cha nane, inayokubalika Windows 11, na ndiyo iliyojaa kwenye makabati ya Kariakoo sasa. T470 na T480 zinatumia betri ileile ya nyuma. Zote zina nafasi mbili za RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ya aina ya DDR4. Zote zinapokea diski ya inchi 2.5. Yaani karibu kila nitakachoweka kwenye hii kitaingia kwenye ile.

Nikanunua SSD, diski isiyozunguka, ya GB 256 ya inchi 2.5, elfu sabini. Zipo za aina ya NVMe zenye kasi zaidi, lakini kwenye mashine hizi zinataka kibebeo chake cha pekee, na kwa mtu anayetoka kwenye diski ya kuzunguka hata SSD ya kawaida ni dunia nyingine. Siku hizi naiwasha na sufuria halijapata moto. Nikanunua betri ya nyuma, ile nene ya seli sita, elfu tisini na tano baada ya kuvutana. Betri ndiyo yenye mitego. Lithiamu huzeeka hata ikiwa rafuni, na lebo inaweza kuandikwa chochote. Nilikubaliana na muuzaji kwamba nitaichomeka palepale, nitaendesha ripoti ileile ya powercfg mbele yake, na namba ya uwezo ikiwa chini sana ya iliyoandikwa kwenye lebo inabaki kwake. Ya kwanza ilibaki kwake. Hakubisha, akachukua nyingine chini ya meza, jambo lililonionyesha kwamba alikuwa anajua.

Kuna uzuri wa betri mbili ambao watu hawausemi. Umeme ukikatika unaweza kuichomoa ya nyuma iliyoisha na kupachika nyingine bila kuzima, ile ya ndani inashikilia. Walioishi Dar wakati wa mgao wa 2023, kabla ya mitambo ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwanzoni mwa 2024, wataelewa kwa nini nalipenda jambo hilo kuliko wembamba.

RAM ndiyo iliyoniuma. Nilitaka kuongeza GB 8, nikakuta bei si ile niliyoizoea. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaachana kabisa na Crucial, chapa yake ya kuwauzia watu wa kawaida. Nilidhani mambo hayo ni ya habari za nje mpaka nilipoyakuta yamekaa kwenye bei ya kijiti kimoja Kariakoo. Fundi akanichomolea kimoja kutoka kwenye rafu yake ya maiti, mashine zilizokufa bodi ambazo anaziweka kwa ajili ya viungo. Nilichagua cha mwendo wa 2400 ingawa T470 inakiendesha kwa 2133, kwa sababu T480 itakitumia chote.

Hesabu hii yote inaanguka ukiwa na mashine ya aina nyingine, na ninalisema hilo kwa sababu binamu yangu alinipigia akitaka nimwambie na yeye atengeneze. Yake ni nyembamba sana, nzuri kwa kuitazama, RAM imelehemiwa kwenye bodi, diski nayo vilevile. Aliimwagia chai ya maziwa. Ikazima, ikawaka kesho yake, ikazima tena. Sukari na maziwa havikauki vikaondoka. Vinabaki chini ya chipu vikila shaba. Fundi mmoja, si wangu, alimwambia ataipuliza bodi kwa bloa na itapona kwa laki mbili na nusu. Inaweza kupona. Nimeona zikipona wiki kadhaa, mwezi, halafu zinarudi kaburini na hela yako haifufuki. Nilimwambia binamu asimpe fundi huyo hata mia. Amtafute mtu wa kumtolea data kama inatolewa, auze kioo, kioo chake kina soko, na hiyo laki mbili na nusu iwe mwanzo wa mashine nyingine. Alikasirika kidogo. Alitarajia kwamba mimi, mtu wa kutetea vikuukuu, ningemtetea na wake.

Watu wana kanuni yao kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kompyuta, usitengeneze. Kwa mashine ya binamu inafanya kazi. Kwa yangu ilikuwa inapotosha, kwa sababu inahesabu kila senti kama imezama ndani ya mashine hii na haitatoka. SSD, RAM na betri yangu hazijazama. Kilichozama kweli ni elfu kumi na tano ya vumbi na elfu ishirini ya mkono wa fundi.

Mpango ni kununua T480 kabla ya Oktoba 2026, kwa laki sita na kitu kama bei haitaruka, na nitachagua yenye RAM kidogo, diski ndogo na betri iliyochoka, kwa sababu hizo ndizo wauzaji wanazishusha bei na mimi navyo vitu hivyo ninavyo. Nitakachokagua ni bodi, bawaba, kioo, namba ya prosesa, na kama BIOS haijafungwa kwa nywila ya kampuni fulani ya ng'ambo, maana nywila hiyo ikikaa hata fundi wangu anakuna kichwa.

Fundi ameshaniulizia mwili wa T470 utakapobaki mtupu. Anautaka kwa elfu themanini, bila betri ya nyuma, kwa ajili ya kioo na kibodi. Nimemwambia laki na ishirini. Amesema mashine ya kizazi cha saba, dada, nani ataitaka. Nimemjibu kwamba anayeitaka ni yeye, ndiyo maana ameuliza.